Jumla Ilikuwa Sahihi, Mpango Haukuwa: Uchambuzi wa Mzunguko wa Kilomita 118

Kisa hiki kinawahusu waendeshaji baiskeli watano walioondoka saa 1 kamili asubuhi kufuata bonde la mto, wakaacha bonde na kukata eneo la vilima, kisha wakarudi mtoni na kuufuata hadi walikoanzia. Mpango ulisema wangemaliza saa 6 mchana. Walimaliza saa 8 na dakika 12. Hakuna aliyeanguka, hakuna baiskeli iliyovunjika, mvua haikunyesha na hatukupotea njia. Nasema hatukupotea kwa sababu nilikuwa mmoja wa hao watano, na ni mimi niliyeichora njia yenyewe. Kwa hiyo kuchelewa kwa zaidi ya saa mbili katika safari ya saa tano ni jambo ninalolazimika kulitolea maelezo mwenyewe, bila kumsukumia mtu mwingine.

Njia ilikuwa na vipande vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha kilomita 46 kuelekea juu ya mto, katika bonde pana ambalo sakafu yake hupanda mita 3 hivi kwa kila kilomita, isipokuwa mahali pamoja, kati ya kilomita ya 31 na ya 37, ambapo mto hupita katika korongo jembamba na barabara imechongwa ubavuni mwa jabali. Cha pili kilikuwa cha kilomita 38 za vilima. Hapa barabara haifuati mgongo wa kilima wala haifuati maji, bali hukata matawimto saba, moja baada ya jingine, ikishuka hadi darajani na kupanda tena kila mara. Cha tatu kilikuwa cha kilomita 34 za kurudi kwa kufuata mkondo, kwenye ukingo wa pili wa mto uleule. Programu ya kuchorea njia ilisema kwamba jumla ya mwinuko, yaani mita zote za kupanda zikijumlishwa pamoja, ni 1,400. Baada ya safari, kifaa kinachopima kimo kwa kanieneo ya hewa kilionyesha 1,380.

Mtu akiishia hapo atasema programu ilifanya kazi nzuri sana, kwani tofauti ya mita 20 katika mzunguko wa kilomita 118 haina uzito. Nami nilisema hivyo usiku ule, nikaanza kutafuta kosa kwenye miguu yetu. Siku iliyofuata tu ndipo nilipogawanya jumla zote mbili kwa vipande, na picha ikageuka kabisa. Programu ilikuwa imekipa kipande cha kwanza mita 410 za kupanda, cha pili 910 na cha tatu 80. Kifaa kilipima 160, 1,160 na 60. Kwa maneno mengine, programu ilizidisha mita 250 bondeni ambako hazikuwapo, ikapunguza mita 250 vilimani ambako zilikuwapo, na makosa hayo mawili yakafutana kwenye jumla kana kwamba yalikuwa yamekubaliana.

Sababu ya kosa la bondeni inaeleweka. Programu nyingi za aina hii hazijui kimo cha barabara. Zinajua kimo cha ardhi kwa kusoma jedwali la miraba. Jedwali linalotumika sana lilitokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kwa siku 11 mwezi Februari mwaka 2000, na upande wa kila mraba una urefu wa takriban mita 30 au 90, kutegemea toleo. Katika bonde pana hilo linatosha. Katika korongo halitoshi hata kidogo, kwa sababu mstari wa barabara uliochorwa pembeni kwa mita 20 tu unaweza kuangukia mraba wa juu ya jabali, kisha mraba unaofuata ukawa wa majini, na programu ikasoma kwamba mwendeshaji amepanda mita 40 na kushuka 40, ilhali barabara yenyewe ni tambarare kama meza. Madaraja na mahandaki huleta kosa hilohilo kwa namna nyingine: kwenye daraja refu programu husoma kimo cha shimo lililo chini, na kwenye handaki husoma kimo cha mlima ulio juu. Anayechora njia ya bondeni akiona meno ya msumeno kwenye mchoro wa kimo mahali ambapo mto na barabara vinakwenda sambamba, ajue karibu kila mara kwamba meno hayo ni ya uongo, maana barabara inayoandamana na mto haiwezi kuruka juu na chini bila kuuacha mto.

Kosa la vilimani lilikwenda upande wa pili. Ili kupunguza kelele za vipimo, yaani makosa madogo madogo ya namba, programu hulainisha mchoro, na katika kulainisha huko vipanda (sehemu za barabara zinazopanda) vifupi vikali huchanganywa na sehemu laini zilizo jirani. Mwinamo wa kipanda cha tano, kwa mfano, ulionyeshwa kuwa wa asilimia 9, yaani mita 9 za kupanda kwa kila mita 100. Ukweli ni kwamba kipanda hicho kilikuwa na ngazi, yaani sehemu moja kali, ya mita 350 yenye mwinamo wa asilimia 14, ikifuatiwa na mahali pa kupumulia. Wastani haukuwa wa uongo, lakini hakuna anayeendesha juu ya wastani.

Hapo ndipo hesabu ya gia inapoingia, na kwa maoni yangu ndiyo hesabu ambayo wapangaji wengi wa njia huiruka, wakiamini ni suala la fundi. Tuchukue mwendeshaji ambaye uzito wake pamoja na baiskeli, maji na vifaa ni kilo 85, na anayeweza kutoa wati 160 kwa muda mrefu bila kujimaliza. Kwenye mwinamo wa asilimia 6 wati hizo zinampeleka karibu kilomita 10 kwa saa. Akiwa na gia ya meno 34 mbele na 28 nyuma, ambayo humsogeza mita 2.55 hivi kwa kila mzunguko wa pedali, miguu yake itazunguka mara 65 kwa dakika, na hiyo ni hali ya kuvumilika. Kwenye mwinamo wa asilimia 14 wati zilezile zinampeleka kilomita 4.6 tu kwa saa, na kwa gia hiyohiyo miguu inazunguka mara 30 kwa dakika, mwendo ambao baiskeli huanza kuyumba na magoti kulalamika. Akitaka kuzungusha mara 60 lazima atoe zaidi ya wati 300, karibu maradufu ya uwezo wake wa kudumu. Yaani hana chaguo la kupanda taratibu: ama atoe nguvu asizonazo, ama asage pedali kama anayesaga mawe, ama ashuke atembee. Kwa gia ya meno 30 mbele na 34 nyuma, mizunguko 60 ingehitaji wati 230 hivi. Ni nyingi bado, lakini kwa dakika tatu au nne mtu wa kawaida anaziweza.

Katika kundi letu wawili walikuwa na sproketi kubwa ya nyuma (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) yenye meno 28. Walipita vipanda viwili vya kwanza kwa kusimama juu ya pedali, wakavimaliza mbele yetu sote, na nakumbuka nilidhani ndio wenye afya kuliko wengine. Kipanda cha nne kiliwakuta wameshatumia akiba yao. Kwenye cha tano mmoja alitembea mita 350 zote, na mwingine alisimama mara mbili. Muda wa kuendesha katika kipande cha pili ulikuwa saa 2 na dakika 40, mbali na dakika 40 za kungojana juu ya vilima. Mpango ulikuwa umetenga saa 1 na dakika 54.

Kabla sijaendelea inanipasa kutaja dhana moja ambayo niliishikilia kwa siku kadhaa na ambayo hesabu ilinikatalia. Kila mteremko ulimalizikia kwenye kona kali iliyoingia darajani, na kila daraja lilikuwa na mchanga mbichi uliosombwa na kijito, kwa hiyo tulilazimika kubana breki hadi kilomita 20 kwa saa au chini yake. Nilidhani tumepoteza pale msukumo ambao ungetubeba sehemu kubwa ya kipanda kilichofuata. Lakini mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hata ukigeuzwa wote kuwa kimo bila kupotea chochote, hauzidi mita 10 za kupanda, na ule wa kilomita 20 hutoa mita 1.6. Hasara kwa kila daraja ni mita 8 na kitu. Kwa madaraja saba hazifiki 60, kati ya 1,160. Madaraja yalitunyima raha na yalidai umakini mkubwa, hasa kwa waliokuwa na breki za rimu (zinazobana ukingo wa gurudumu), ambao walifundishwa upesi kubana kabla ya kona na kuachia ndani yake, lakini si yaliyotuchelewesha.

Tulifika mwisho wa vilima saa 6 kamili mchana, tukapumzika nusu saa, na kila mmoja alikuwa na faraja moja moyoni: sasa tunafuata maji. Mto unashuka, nasi tutashuka nao. Mpango ulikuwa umekipa kipande hiki cha kilomita 34 saa 1 na dakika 8, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, na hesabu hiyo haikuwa ya kijinga, kwa kuwa katika hewa tulivu, kwenye mwinamo wa bonde lile, mwendeshaji wetu wa kilo 85 angeufikia mwendo huo kwa wati 140 hivi. Tulichukua saa 1 na dakika 42.

Mabonde yana upepo wake. Jua likipanda, miteremko ya pembeni na sehemu za juu za bonde hupata joto upesi kuliko hewa iliyo juu ya tambarare, hewa hiyo yenye joto huinuka, na nyingine huvutwa kutoka chini kuja kujaza nafasi; ndipo upepo huvuma kutoka mdomo wa bonde kuelekea kwenye chemchemi. Usiku hali hugeuka: hewa iliyopoa ni nzito, huteremka kama maji na kutoka bondeni. Asubuhi kuna kipindi cha utulivu kati ya pepo hizo mbili, na mchana wa siku yenye jua kali upepo wa kupanda huwa na nguvu kuliko wakati mwingine wote. Basi anayepanda bonde asubuhi na kurudi mchana hukosa msaada wa upepo akienda na kupigana nao akirudi. Mabaharia huuita upepo wa namna hiyo mbisho, na neno lao linafaa hapa, isipokuwa wao wanaweza kwenda mshazari, kushoto kisha kulia, ilhali sisi barabara ilikuwa moja.

Ukubwa wa mzigo huo unaonekana vizuri ukilinganishwa na zawadi ya mto. Mwinamo wa mita 3 kwa kilomita humsukuma mwendeshaji wa kilo 85 kwa nguvu ya niutoni 2.5. Upepo wa mbele wa kilomita 15 kwa saa, ambao ukisimama unausikia kama upepo mwanana tu, humwongezea anayekwenda kilomita 28 kwa saa ukinzani wa niutoni 17 au 18, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo ambao hewa inakupiga nao. Mto unakupa moja, upepo unakutoza saba. Mwendo huo wa kilomita 28 uliokuwa ukigharimu wati 120 kwenye kipande kile bila upepo, sasa unagharimu 260. Wanaotoa 140 wanabaki na kilomita 21 kwa saa, na waliochoka vilimani wanabaki na chini ya hapo.

Njia ya kawaida ya kupunguza gharama hiyo ni kufuatana kwa karibu, tairi nyuma ya tairi, maana anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa takriban theluthi moja ya nguvu au hata zaidi. Sisi tulianza hivyo, lakini wenye miguu iliyobaki walipokaa mbele walikwenda kwa mwendo wao, na baada ya kilomita tisa tulikuwa watatu mbele na wawili nyuma. Wawili wale ndio waliokuwa wamesaga gia ya 28. Kwa hiyo waliohitaji kivuli cha upepo kuliko wote ndio waliokikosa. Aliyetakiwa kukaa mbele ni mwenye nguvu aliye tayari kwenda polepole, na hilo ni suala la kukubaliana kabla ya kuondoka. Upepo ukishavuma hakuna anayesikia unachosema.

Chakula nakitaja kwa ufupi tu. Kila mmoja alibeba gramu 250 za wanga, yaani gramu 50 kwa saa kwa saa tano, kiwango kilicho ndani ya mapendekezo ya kawaida ya gramu 30 hadi 60. Safari ilipokuwa ya saa saba, akiba iliisha vilimani. Mpango mzuri wa chakula juu ya mpango mbaya wa muda haukutusaidia.

Sasa tunaweza kufunga mnyororo wa sababu. Kama tungefika mwisho wa vilima saa 4 na dakika 50 kama ilivyopangwa, tungekuta bonde likiwa bado katika utulivu wake au upepo ukiwa ndio kwanza unaanza. Kule kumaliza vilima kwa kuchelewa saa 1 na dakika 10, pamoja na nusu saa ya kupumzika ambayo uchovu uliilazimisha, ndiko kulikotupeleka kwenye upepo uliokomaa. Kosa moja halikuongezwa tu juu ya jingine, bali lilizaa la pili. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kuongeza asilimia kumi ya muda kwenye mpango, kama tahadhari, halafu kuridhika. Asilimia kumi zingetosha kama makosa yangekuwa yamesimama kila moja peke yake.

Jumla ya mwinuko, ambayo ndiyo namba ya kwanza watu huulizana, haikuweza kuonyesha lolote kati ya hayo. Mfano unaoeleweka zaidi ni wa mashindano ya baiskeli. Kipanda cha Alpe d'Huez nchini Ufaransa kina kona 21, urefu wa kilomita 13.8 na wastani wa asilimia 8.1, yaani takriban mita 1,100 za kupanda mfululizo: mwendeshaji huchagua gia moja au mbili, hutafuta mwendo wake na kubaki nao hadi juu. Mashindano ya Liège–Bastogne–Liège nchini Ubelgiji, yaliyoanza mwaka 1892, hayana mlima wowote wa namna hiyo. Yanapita katika vilima vya Ardennes vilivyokatwakatwa na mito kama Ourthe na Amblève, na vipanda vyake vingi vina urefu wa kilomita chache tu. La Redoute ina kilomita 2 hivi. Lakini waandaaji wamepanga njia ya kwenda Bastogne iwe fupi na nyepesi, na ya kurudi Liège iwe ndefu na yenye vipanda vingi, hivyo kila kipanda kidogo humkuta mwendeshaji akiwa na kilomita nyingi miguuni. Wao hupanga hivyo kwa makusudi, ili wachujane. Mimi nilipanga hivyohivyo bila kukusudia, kwa watu waliotaka kufurahia siku yao.

Marekebisho niliyoyafanya hayakugusa barabara hata moja. Wazo la kwanza lilikuwa kugeuza mwelekeo, na ni wazo ambalo ningelitekeleza kama nisingeuchora upepo kwenye ramani kwa kalamu: kugeuza kungetupa kilomita 46 za mbisho mchana badala ya 34. Wazo la pili lilikuwa kuondoka saa 11 alfajiri, ambalo lingewezekana, ila nisingependa kuanza gizani huku watu wanne kati ya watano wakiwa na taa ndogo za mjini. Tulichofanya ni kuhamisha mwanzo. Mzunguko uleule, mwelekeo uleule, lakini tulianzia mahali ambapo bonde huachwa, yaani ilipokuwa kilomita ya 46, baada ya kulala huko. Vilima vikawa vya kwanza, kwa miguu mipya na hewa ya asubuhi. Kisha kilomita 34 za kushuka na mto katika utulivu wa katikati ya asubuhi. Na mwisho kilomita 46 za kupanda bonde pana, wakati upepo umeshaanza kuvuma kuelekea tunakokwenda.

Safari hiyo ya pili ilichukua saa 5 na dakika 50 pamoja na mapumziko. Vilima vilitumia saa 2 na dakika 45 badala ya 3 na dakika 20, kungojana kukiwemo; kushuka na mto kulikwenda kwa kilomita 28 kwa saa; na kupanda bonde, kipande ambacho karatasini ni kazi ya kupandisha mita 160, kulikwenda kwa kilomita 30 kwa saa, haraka kuliko kushuka. Siwezi kuipa sifa yote sehemu ya kuanzia, kwa kuwa wawili wale walikuwa wamebadilisha sproketi za nyuma na kuweka zenye meno 34, na sote tulikuwa tumeshaijua barabara. Juu ya ngazi ya asilimia 14, yule aliyetembea mara ya kwanza alipanda akiwa ameketi, kwa mizunguko isiyozidi 50 kwa dakika, akafika juu wa mwisho kati yetu, na hakuna aliyemngoja zaidi ya dakika moja.